Uji wa Kila Asubuhi

Somo: Luka 16:10-12, Wagalatia 6:9-10



Sisi wa Eldoret twamjua Kipchoge Keino. Uwanja wetu wa michezo unaitwa kwa jina lake. Mwaka 1968, kule Mexico, alikimbia huku akiugua ugonjwa wa nyongo. Katika mbio za mita 10,000 maumivu yalimzidi, akaanguka. Wengine wangalifunga mizigo. Yeye alibaki, akapata medali ya fedha katika mita 5,000, na tarehe 20 Oktoba akashinda mita 1,500, akimwacha nyuma Jim Ryun wa Marekani.

Dunia inaikumbuka siku ile. Lakini mbio zile hazikuchukua hata dakika nne. Keino na mkewe Phyllis waliwapokea pia watoto yatima nyumbani kwao hapa Eldoret, wakawalea kwa miaka mingi. Je, msikilizaji, mbio ndefu ni zipi? Mtoto yatima haulizi medali. Anauliza uji, leo, kesho na kesho kutwa. Wala hakuna anayepiga makofi uji unapokorogwa.

Ndivyo ulivyo uaminifu wa Mkristo. Wengi wetu tulianza vizuri. Siku ya ubatizo tuliimba kwa nguvu. Kisha maombi ya jioni nyumbani yakafupishwa, baadaye yakaachwa. Hatukumkana Bwana, tulichoka tu.

Uvivu wa roho huingia kwa mlango mdogo. Tuseme mzee wa kanisa anauza mahindi sokoni. Gorogoro lake limegongwa chini, tako likaingia ndani. Kila mteja anapunjwa kiganja kimoja. Mzee anajiambia kwamba ni kidogo, na kila mtu anafanya hivyo. Jumapili anakusanya sadaka. Lakini mama mjane aliyenunua mahindi yale amekwisha kusikia mahubiri yake. Aliyasikia kwenye gorogoro. Ataliaminije neno lingine kutoka kinywani mwake?

Bwana Yesu alitupima kwa jambo dogo kwanza, ndipo kwa kubwa. Paulo naye aliwatia moyo Wagalatia wasilegee katika kutenda mema, maana mavuno yana majira yake. Mkulima wa Uasin Gishu analijua hilo. Hupanda mahindi mvua za Machi na Aprili zinapoanza, huvuna Oktoba au Novemba. Katikati kuna palizi, na palizi haina sherehe. Lakini asiyepalilia atavuna magugu, hata kama alipanda mbegu bora.

Basi, ndugu yangu, usingoje mkutano mkubwa wa Injili. Kama maombi ya nyumbani yamekufa, waite watoto jioni hii, hata kwa dakika tano. Kama gorogoro lako limebonyea, linyoshe kabla ya kufungua biashara. Kama uliahidi kumtazama mgonjwa, nenda leo.

Tuombe. Ee Bwana, tumechoka katika mambo madogo ambayo hakuna ayaonaye. Wewe wayaona. Utusamehe, ututie nguvu ya kesho na kesho kutwa. Katika jina la Yesu, Amina.