Kujifunza kuchora mkiwa wawili, na jinsi ya kutogombana

Jumamosi saa moja asubuhi, Posta siyo ile ya siku za kazi. Samora haina foleni, wauza magazeti ndiyo kwanza wanapanga, na kunguru wanatembea katikati ya barabara kama wenye mji. Wakati huo mimi na kaka yangu huwa tumeshakaa kwenye ngazi za duka ambalo halijafunguliwa, tukitazamana na Sanamu ya Askari, kila mmoja na kaunta buku mapajani. Yeye humchora askari kuanzia kwenye bunduki. Mimi huanza na miguu, na kila wiki miguu hunishinda.

Askari yule wa shaba amesimama pale tangu mwaka 1927, bayoneti imeelekea bandarini. Hatingishiki na hadai hela ya soda. Kwa anayejifunza kuchora, hiyo ni neema.

Sikuwahi kufikiri nitaandika habari za penseli kwenye ukurasa huu. Kazi yangu ni afya: chanjo, shinikizo la damu, uzazi salama. Lakini wasomaji kadhaa wameniuliza ndugu wawili, au mke na mume, wanaweza kufanya nini pamoja ambacho hakihitaji fedha nyingi na hakiishii kila mtu kuinamia simu yake. Hiki ndicho ninachokijua, na nimekijua kwa kukosea.

Kaka alikuwa na meza ya mbegu na dawa za kuku ndani ya Soko la Kariakoo. Usiku wa Julai 10, 2021 soko lile liliungua, na mzigo wake wote ukaenda. Baada ya hapo aliuza viatu kwa muda, akaendesha bodaboda ya jirani, kisha akawa anakaa tu nyumbani kwa mama, simu mkononi, mlango umefungwa. Mama akanipigia: “Kaka yako anazungumza na hiyo simu kuliko anavyozungumza na mimi.”

Nilipokwenda nilikuta anachora. Kwa kidole, kwenye programu ya ibisPaint, alikuwa amejaza sura za watu, na nyingine zilikuwa nzuri kweli. Alitaka siku moja atengeneze matangazo na nembo za maduka kwa malipo. Niliona kitu kimoja tu cha ajabu: watu wake wote walikuwa wameingiza mikono mifukoni. Wanaume, wanawake, hadi bibi harusi. Mikono ilikuwa inamshinda, akawa anaificha.

Kabla sijasema neno kuhusu uchoraji, ieleweke kwamba penseli si dawa. Mtu akikosa raha na hamu ya mambo aliyoyapenda, usingizi na chakula vikaharibika, na hali hiyo ikamkalia karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, hiyo inaweza kuwa sonona, na anatakiwa aonane na mtaalamu wa afya. Tulifanya hivyo kwanza. Mtaalamu alizungumza naye, akampangia tarehe za kurudi, na katika maswali yake alimuuliza ni kitu gani bado anakifanya kwa kupenda. Kaka akasema kuchora. Nikajitolea kuwa mwenzake, mimi ambaye mara ya mwisho kuchora ilikuwa kipindi cha Stadi za Kazi, shule ya msingi.

Utafiti upo, ingawa usiukuze kupita kiasi. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, waliwapa watu wazima 39 dakika 45 za kuchora, kufinyanga na kubandika karatasi. Walipima mate yao kabla na baada, na karibu robo tatu ya watu hao walikuwa wamepungukiwa na kotiso, homoni inayopanda mtu anapokuwa na msongo. Wenye uzoefu na wasio na uzoefu hawakutofautiana sana. Watu 39 ni wachache, lakini nilichukua zile dakika 45 kama kipimo chetu. Shirika la Afya Duniani nalo, katika ripoti ya mwaka 2019, lilipitia zaidi ya tafiti 3,000 kuhusu sanaa na afya, likaona sanaa ina nafasi yake katika kinga na katika matunzo. Hapa kwetu mchora katuni Nathan Mpangala amekuwa akiwafikishia sanaa watoto wanaotibiwa saratani Muhimbili kupitia mradi wake wa Wafanye Watabasamu.

Na kujifunza ukiwa umekaa pembeni ya mtu si jambo geni katika jiji hili. Edward Saidi Tingatinga, mwenyeji wa Tunduru, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 hakufungua shule. Ndugu na jamaa zake, akiwamo Simon Mpata, walikaa naye wakautazama mkono wake. Alifariki mwaka 1972, lakini wale waliokaa pembeni waliendelea, na jina lake likawa jina la mtindo mzima.

Sisi tulianza na maumbo ya kitabu cha Hisabati: tufe, mche mraba, mcheduara na pia. Inaonekana ni utoto, lakini glasi ya chai ni mcheduara, gari la mwendokasi ni mche mraba uliorefushwa, na embe ni tufe lililobonyea. Mwili wa askari wetu ni mcheduara juu ya mcheduara. Kila Jumamosi dakika kumi za mwanzo ni mistari tu, mirefu, ikichorwa kwa mkono mzima kutoka begani, si kwa vidole. Kisha mmoja anachagua kitu, na wote tunakichora kwa dakika 15 bila kuoneshana.

Faida ya kuwa wawili huonekana pale madaftari yanapowekwa sambamba. Siku moja tulichora Samora ikielekea mbali, mimi nimesimama, kaka amekaa. Paa za maghorofa zilishuka, kingo za barabara zikapanda, na zote zikakimbilia nukta moja mbele. Lakini nukta yangu ilikuwa juu kuliko yake. Watu waliokuwa wakipita kwenye mchoro wangu vichwa vyao vilikuwa karibu na usawa wa macho yangu. Kwake walikuwa warefu kama minara. Tulidhani mmoja amekosea. Kumbe kila mtu huchora kutoka kwenye usawa wa macho yake mwenyewe, na ukikaa chini, mstari huo unashuka pamoja nawe. Ningeusoma ukweli huo kitabuni mara kumi nisiuelewe kama nilivyouelewa pale ngazini.

Mwanga na kivuli tulivifanya kwa vyumba vitano vya penseli: cha kwanza kimeachwa cheupe, cha mwisho cheusi kabisa, vitatu katikati. Ukifinya macho ukatazama jengo, maelezo madogo yanapotea na unabaki na vyumba hivyo tu. Kanisa la Mtakatifu Yosefu linafaa sana asubuhi, jua likilipiga ubavu. (Beba kitambulisho. Mlinzi wa jengo moja alituuliza tunachora kwa kibali cha nani, akatulia alipoona nilivyochora mbaya.)

Wiki ya tano tuligombana. Kaka alikuwa anauchora mnara wa kanisa la Azania Front kwenye simu, na mnara ulikuwa umeinama kama mnazi wa pwani. Nikamwambia. Akaendelea. Nikaichukua simu mkononi mwake, nikafuta, nikachora mstari wangu: “Ona, hivi.” Akaitazama, akaizima. “Basi chora wewe, mdogo wangu.” Akavuka barabara kwenda kusubiri gari, na Jumamosi tatu zilizofuata hakuja.

Mama akapiga tena. “Umemfanya nini kaka yako?” Nilijitetea kwamba mnara ulikuwa umeinama, na kweli ulikuwa umeinama. Mama akanyamaza kwanza, kisha akasema, “Na wewe ulikuwa unajenga kanisa?”

Jumamosi ya nne nilikwenda nyumbani na daftari langu. Nikamwamkia, nikamwonesha askari wangu mwenye miguu mibovu, nikamwomba anirekebishie. Hakushika penseli. Aliniuliza, “Umepima? Kichwa chake kinaingia mara ngapi kwenye urefu wake?” Nilikuwa sijapima. Tukapima pamoja: vichwa vitano. Mtu mzima huwa na urefu wa vichwa saba hivi, au saba na nusu. Mimi nilikuwa nimechora mtoto wa shule ya msingi aliyebeba bunduki. Kaka alicheka hadi mama akaja kuangalia.

Kutoka siku hiyo tulikubaliana mambo ambayo hatujayavunja, au tuseme tumeyavunja mara mbili. Hakuna anayegusa kazi ya mwenzake. Kasoro haisemwi, inaulizwa: umepima, mwanga unatoka wapi, macho yako yako wapi kwenye mchoro huu? Kupima kwenyewe ni kunyoosha mkono, kufumba jicho moja, na kuweka ukucha wa dole gumba kwenye penseli mahali kitu kinapoishia. Na sifa za bure hazitolewi. “Mzuri sana” haimsaidii mtu. “Kivuli cha kofia kimenifanya nijue jua liko wapi” kinamsaidia. Nikiwatazama wanandoa wa rika langu, naona wengi hatujui kumkosoa mwenzetu bila kumnyang’anya kitu mkononi, lakini hayo ni ya ukurasa mwingine.

Simu tuliirudisha baada ya miezi miwili ya karatasi. Tunachora kwa penseli, tunapiga picha mchoro, tunauingiza kwenye programu na kuufifisha. Juu yake tunaweka leya mpya, yaani tabaka jingine kama karatasi ya kuonyeshea, ndipo tunapitisha mistari safi. Rangi hukaa kwenye leya ya chini ya mistari, ili ukiharibu rangi mchoro ubaki. ibisPaint ina toleo la bure lenye matangazo. Mwenye kompyuta anaweza kutumia Krita, nayo ni ya bure. Kalamu za simu zenye ncha ya mpira zinatosha kuanzia.

Simu ina mitego yake. Kitufe cha kurudisha nyuma kinamfanya mtu arudie mstari mmoja mara 30 bila mkono kujifunza chochote, kwa hiyo tumejiwekea mara tatu kwa mchoro mmoja. Kukuza picha nako: kaka aliwahi kumaliza dakika 45 kwenye kope za jicho moja, na mtu mwenyewe hana shingo. Dawa yake ni kuupunguza mchoro uwe mdogo kama stempu na kuutazama kwa mbali. Kuna kitufe cha kugeuza picha kushoto kulia, na mnara ulioinama ukigeuzwa hujisema wenyewe. Na ukiondoa rangi zote ikabaki nyeusi na nyeupe, utaona kama vile vyumba vitano vipo au kila kitu ni kijivu kimoja.

Kwa upande wa afya, kila dakika 20 tazama kitu kilicho mbali, kama mita sita, kwa sekunde 20, ili macho yapumzike. Inua simu badala ya kuinamisha shingo. Mkono ukianza kufa ganzi au kuuma kwenye kiganja, acha. Ukiendelea kwa siku kadhaa, nenda ukaonwe. Usichorejee kitandani gizani, usingizi utakwisha. Wenye watoto, waacheni nao wakae pembeni wachore, ila kanuni ya kutogusa kazi ya mwenzako iwahusu na wazazi. Hiyo kwa mzazi ni ngumu kuliko miguu ya askari.

Kaka bado hajawa tajiri wa michoro. Ametengeneza tangazo la duka la juisi na la fundi cherehani, wote wamelipa, mmoja kwa awamu. Tarehe zake za kituo cha afya anazifuata. Mlango wa chumba chake, anasema mama, siku hizi unakaa wazi.

Wiki iliyopita aliomba tusiende Posta. Tulikwenda Kariakoo Jumapili asubuhi, tukakaa ng’ambo ya soko kabla ya mikokoteni kujaa. Lile paa lililobuniwa na msanifu majengo Beda Amuli miaka ya 1970, lenye maumbo kama miavuli iliyogeuzwa juu chini ili ikinge maji ya mvua, ni mtihani kwa mchoraji yeyote: miavuli mingi yenye umbo moja, kila unapokwenda mbali inapungua, na lazima yote ikubaliane na nukta moja. Sikumuuliza kitu. Alipima mwavuli wa kwanza, akafumba jicho, akapima wa pili. Zile dakika 45 zikapita, sikumkumbusha.

Alipomaliza miavuli alichora mtu amesimama chini yake. Mikono ilikuwa nje, imeshika kipakiti kama cha mbegu. Ilikuwa minene mno, na dole gumba moja lilikuwa upande usio wake. Nikamuuliza kama amepima.