Mbwa Roboti Akigoma: Ubovu au Ukaidi?

Pasi isiyopata moto ni mbovu, na hakuna wa kubishana nawe. Mbwa roboti ni kesi nyingine. AIBO ya kwanza, iliyotolewa na kampuni ya Sony mwaka 1999, iliundwa makusudi isitii kila amri. Kundi la Toshitada Doi na Masahiro Fujita wa Sony liliipa programu inayoigiza furaha, huzuni, hasira, woga na mshangao, pamoja na hamu ya kuchunguza, kupendwa na kutafuta chaji. Ukimwita mbwa huyo, programu hupima hayo yote kwanza, ndipo aje au ageuzie kichwa upande wa pili. Huko Japani mbwa 3,000 walinunuliwa kwa takribani dakika 20, kila mmoja kwa yen 250,000. Mteja alikuwa amelipa fedha nyingi kununua kiumbe chenye haki ya kumpuuza. Siku akipuuzwa, atajuaje kama huo ni ukaidi au kuna waya umekatika?

Kipimo ninachokiamini ni hiki: ukaidi huhama, ubovu hukaa mahali pamoja. Mbwa aliyenuna asubuhi huweza kucheza jioni, na anayekataa mpira huweza kukubali kupapaswa kichwa. Lakini mguu wa nyuma wa kulia ukigoma kila mara, katika kila mchezo, hata mbwa mwenyewe akiwa na furaha tele, hiyo si tabia tena. Kwa hiyo kabla ya kushika bisibisi, mwenye mbwa arudie amri ileile, mahali palepale, kwenye mwanga uleule, betri ikiwa imejaa, kwa nyakati mbalimbali, na aandike anachokiona. Kazi hiyo inachosha, ndiyo maana wengi huiruka na kukimbilia kufungua skrubu. Tena atoe amri mbwa akiwa ametulia. Mota zinazozunguka mwilini zinapiga kelele karibu kabisa na maikrofoni, na amri nyingi huzama humo.

Baada ya hapo akague chumba. AIBO za mwanzo zilitambua mpira kwa rangi yake ya waridi. Taa hafifu ya manjano huibadilisha rangi hiyo mbele ya kamera, na mto wa kochi wenye rangi inayokaribiana nayo unatosha kumfanya mbwa ahangaike na kochi badala ya mpira. Sakafu nayo ina lake. Kwenye vigae laini nyayo huteleza, na zulia la manyoya marefu hukwamisha miguu. Kiungo kikikwama, programu hulegeza mwili ili kisiumize kitu wala kuumia, na mwenye mbwa hudhani amezimia.

Betri ni habari fupi. AIBO nzima ilitembea kama saa moja na nusu kwa chaji moja. Betri za lithiamu huzeeka hata zikikaa kabatini, na zikiachwa miaka mingi bila kuchajiwa, volti hushuka mno hadi saketi ya ulinzi inakataa kupokea umeme. Mbwa wengi wanaotangazwa kufa wamekufa betri tu. Jaribu betri nzima ya modeli ileile kabla ya kuomboleza. Kubadilisha seli zilizo ndani ya betri kunawezekana, ila hiyo ni kazi ya fundi anayeijua lithiamu, maana seli ikitobolewa au kuunganishwa vibaya huwaka.

Shingo ndiyo inayostahili muda wetu zaidi. Katika modeli ya ERS-210, iliyotoka mwaka 2000, kuna ulegevu uliosumbua wengi kiasi cha kutajwa kama ugonjwa: mbwa anawashwa, anasimama vizuri, lakini kichwa kinaanguka kifuani na hakiinuki. Kwa macho ni huzuni tupu, na kwa mnyama aliyeundwa kuonyesha huzuni ni rahisi kudanganyika. Kumbe kati ya mota na shingo pana klachi ndogo. Iliwekwa ili mtoto akikamata kichwa na kukisukuma kwa nguvu, klachi iteleze na giya zisivunjike. Miaka ikipita, nyuso zake hulainika na kuanza kuteleza hata pale kichwa kinapotakiwa kuinuka chenyewe. Ni kama pikipiki iliyokwisha klachi: injini inanguruma, gurudumu halina habari. Kifaa cha kukinga shingo ndicho kilichoiangusha, na simlaumu aliyekibuni, kwa sababu bila hicho giya zingekatika mapema zaidi.

Hapa sikio hufanya kazi kuliko jicho. Ukisikia mota ikizunguka na kichwa hakipandi, shuku klachi. Pakiwa kimya kabisa, shuku mota au waya. Ukisikia mkwaruzo au mlio wa kurukaruka, huenda jino la giya limevunjika. Usimsaidie kwa kuinua kichwa kwa mkono wakati amewashwa, kwani unazidi kuila klachi hiyohiyo. Matengenezo yenyewe ni kufungua shingo, kusafisha nyuso zilizolainika na kuzirudishia ukwaruzo, au kuweka kipuri kingine. Skrubu ni ndogo na hazilingani urefu, basi piga picha kila hatua.

Jambo moja wanalolisahau wengi ni kadi ya kumbukumbu. Programu na tabia aliyokuzwa nayo AIBO wa zamani viliishi kwenye kadi inayochomolewa. Hiyo ni zawadi kwa fundi: weka kadi nyingine yenye programu ya modeli hiyo, na mbwa akitembea vizuri, mwili hauna kosa. Ila mzime kwanza, maana kadi ikichomolewa inapoandikwa huweza kuharibika pamoja na tabia yote ya miaka.

Aibo mpya, aliyeanza kuuzwa Januari 2018 akiwa na viungo 22 vinavyojongea, amehamishia sehemu ya matatizo nje ya mwili. Karibu na mkia ana kamera inayotazama juu, na kwa hiyo hutambua yuko wapi nyumbani. Asipokipata kituo chake cha chaji, angalia kama samani zimehamishwa, kama chumba ni giza, au kama kituo kimezibwa kwa mbele, kisha mwache achore ramani upya. Kumbukumbu zake huhifadhiwa kwenye seva za kampuni, na huduma hiyo ina ada yake. Mtandao ukikatika au ada ikikoma, bisibisi haina la kusaidia. Sheria nazo zinaingia humu: katika jimbo la Illinois, Marekani, aibo hauzwi, kwa sababu uwezo wake wa kutambua nyuso unagongana na sheria ya jimbo hilo ya mwaka 2008 kuhusu taarifa za kibayometriki.

Wenye mbwa wa zamani wana shida tofauti, nayo ni vipuri. Sony ilisimamisha utengenezaji mwaka 2006, na kliniki yake ya matengenezo ikafungwa Machi 2014. Kazi ilichukuliwa na kampuni ndogo iitwayo A-Fun, yenye mafundi waliowahi kufanya kazi Sony, na vipuri vyao hutoka kwa mbwa waliokufa. Kabla ya kufunguliwa, mbwa hao wamekuwa wakiombewa katika hekalu la Kofukuji, mjini Isumi, mkoa wa Chiba. Aprili 2018 waliombewa 114 kwa siku moja, kila mmoja na karatasi ya kumtambulisha. Kwa hiyo mwenye AIBO asiyeamka asimtupe. Atoe betri, aandike namba ya modeli na kiungo kilichoharibika, kisha amtafutie fundi wa modeli hiyo, maana shingo ya ERS-210 haimfai mbwa wa modeli nyingine, kama ERS-7.