Leseni ya Bima Haivuki Mto

Ndugu msikilizaji, katika barua nilizopokea juma hili imo moja iliyotoka Ohio, Marekani. Aliyeiandika anajiandaa kuwa wakala huru wa bima ya afya. Anasema watu anaotaka kuwahudumia ni wale wanaozungumza Kiswahili, wengi wao wakiwa wametokea Kongo, na kwamba watu hao wametawanyika: wapo Ohio, wapo Kentucky ng'ambo ya mto, na wapo Texas. Anauliza kama leseni moja itamtosha. Na kama haitoshi, ni nani alipaye gharama za hizo nyingine?

Jibu la swali la kwanza ni fupi: haitoshi. La pili lina maelezo marefu kidogo, na hayo ndiyo mazungumzo yetu ya leo.

Sisi tuliozoea mambo ya hapa nyumbani tunaweza kushangaa. Tanzania ina mamlaka moja ya kusimamia bima, TIRA, na wakala mwenye leseni yake hahitaji nyingine kwa sababu tu ametoka Mwanza akaenda Mtwara. Marekani sivyo. Kule kila jimbo lina idara yake ya bima, sheria zake na ada zake. Mtu akitoka Cincinnati, Ohio, akavuka daraja la mto hadi Covington, Kentucky, safari ya dakika chache tu, tayari ameingia katika himaya nyingine ya bima.

Jambo hili lina asili ya zamani, na kwa bahati lilianza na wakala. Mwaka 1866 mtu mmoja wa Virginia, Samuel Paul, aliteuliwa kuwa wakala wa kampuni za bima za New York. Jimbo likamnyima leseni kwa kuwa kampuni hizo hazikuweka dhamana ambayo Virginia iliidai kwa kampuni za nje. Yeye akauza bila leseni, akatozwa faini ya dola 50. Kesi ikapanda hadi Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1869 ikaamuliwa kuwa mkataba wa bima si biashara baina ya majimbo, hivyo kila jimbo lina haki ya kuusimamia. Mwaka 1944 mahakama hiyo hiyo iligeuza msimamo. Lakini mwaka uliofuata, 1945, Bunge lilipitisha sheria ya McCarran-Ferguson, ikayaachia majimbo usimamizi wa bima. Ndivyo ilivyo mpaka leo.

Sasa tuje kwenye fedha. Gharama ya kwanza ni leseni ya asiye mkazi. Wakala hufanya mtihani katika jimbo lake na kupata leseni ya mkazi. Akiwa nayo, na ikiwa haina doa, majimbo mengine humpa leseni zao bila mtihani wa pili. Unafuu huo ulitokana na sheria ya mwaka 1999 iliyoyasukuma majimbo kutambuana. Kwa kawaida hata masomo ya kujiendeleza akiyakamilisha kwao, majimbo mengine huyakubali. Maombi hupelekwa kwa kompyuta kupitia daftari la kitaifa la mawakala, NIPR. Kilichobaki ni ada, na ada hazifanani hata kidogo. Yapo majimbo yanayotoza chini ya dola 50, na yapo yanayopita dola 200. Mengine hulipiza: jimbo lako likiwatoza wageni ada kubwa, nao watakutoza wewe kiasi kile kile. Leseni nyingi huhuishwa kila baada ya miaka miwili, na ada hulipwa tena.

Hapa pana jambo la kushika. Kinachotazamwa si mahali alipokaa wakala, bali ni mahali anapoishi mteja. Kuuza kwa simu hakuondoi sharti hilo. Wakala akiwa sebuleni kwake Ohio, akamkatia bima mtu wa Kentucky, amefanya biashara Kentucky. Vile vile mteja wake wa miaka mingi akihamia jimbo lingine, wakala hawezi kumfuata kwa bima mpya mpaka awe na leseni ya huko.

Gharama ya pili ndiyo inayowashtua wengi, nayo ni uteuzi. Leseni humruhusu wakala kuuza bima, uteuzi ni taarifa ambayo kampuni ya bima hupeleka kwa jimbo kusema, "Huyu anatuwakilisha sisi." Majimbo mengi hudai taarifa hiyo, na mengi hutoza ada kwa kila wakala na kwa kila kampuni, na huitoza tena uteuzi unapohuishwa. Machache, kama Colorado, Arizona na Oregon, hayadai taarifa hiyo.

Anayetozwa na jimbo ni kampuni. Lakini msikilizaji, usifurahi mapema. Wakala huru si mwajiriwa. Anauza bima za kampuni kadhaa kwa mikataba mbalimbali, na ni mikataba hiyo inayosema nani ataumia mwishowe. Zipo kampuni zinazobeba ada yote. Zipo zinazobeba ya jimbo la nyumbani tu, na ada za majimbo ya nje zikakatwa katika kamisheni ya wakala. Zipo pia zinazofuta uteuzi wa wakala asiyeleta wateja. Kwa hiyo swali la "nani analipa" halijibiwi na sheria peke yake. Jibu limo katika karatasi ambayo watu wengi hutia saini bila kuisoma.

Ya tatu ni mafunzo na vibali. Ohio hutumia soko la bima la serikali kuu, HealthCare.gov, ambalo lina mafunzo yake kila mwaka. Kentucky ina soko lake yenyewe, Kynect, lenye utaratibu wake kwa mawakala. Anayeuza Medicare Advantage, yaani bima za kampuni binafsi chini ya mpango wa wazee, hupaswa kufaulu mafunzo ya kila mwaka, ambayo yana ada yake.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tufungue daftari basi, kwa tarakimu za mfano tu. Wakala ana majimbo 5 ya nje. Kila leseni ni dola 100 kwa miaka miwili, kwa hiyo dola 250 kwa mwaka. Ana kampuni 3 katika kila jimbo, na kila uteuzi unamkata dola 20 kwa mwaka: hizo ni dola 300. Jumla ni dola 550 kila mwaka, sawa na dola 110 kwa jimbo, kabla hajapiga hata simu moja.

Je, ni nyingi? Inategemea. Mwaka 2025, katika majimbo mengi, kiwango cha juu cha kamisheni ya mteja mmoja wa Medicare Advantage kilikuwa dola 626 kwa mwaka wa kwanza na dola 313 kwa kila mwaka wa kuhuisha. Mteja mmoja tu anailipia leseni na kubakiza. Lakini jimbo ambalo halina mteja hata mmoja linakula kimya kimya kila mwaka. Kinachowafilisi mawakala wadogo si bei ya leseni. Ni leseni zilizonunuliwa kwa matumaini.

Wapo watakaosema, basi nivuke bila leseni, nani atajua? Huo ni ushauri mbaya. Sheria za majimbo zinakataza kampuni kulipa kamisheni kwa mtu aliyeuza bila leseni iliyotakiwa. Na wakala akiadhibiwa katika jimbo moja, kwa kawaida hutakiwa kuyaarifu majimbo mengine yaliyompa leseni katika siku 30. Leseni ya nyumbani ikianguka, zile za nje huanguka nayo.

Tena tusimsahau mkatiwa bima. Chukua mtu mzima maskini, asiye na mtoto. Kentucky ilipanua mpango wa Medicaid mwaka 2014, na mtu huyo, akitimiza masharti mengine, anaweza kutibiwa chini yake. Texas haijaupanua. Wakala asiyeijua tofauti hiyo anaweza kumuuzia mtu bima asiyoihitaji, au kumwacha bila matibabu. Mwaka 2024 serikali kuu iliwasimamisha mamia ya mawakala katika soko la HealthCare.gov kwa kushukiwa kuwaandikisha au kuwahamisha watu bila ridhaa yao. Leseni ni moja ya njia za kumwajibisha wakala anayemdhulumu mteja.

Hata hivyo, siwezi kusema utaratibu huu hauna kasoro. Ofisi kubwa ya simu inaweza kuwalipia mawakala wake majimbo yote 50 na isisikie maumivu. Anayeumia ni wakala mmoja mwenye lugha ambayo ofisi ile haina. Bunge liliwahi kuliona hilo, na mwaka 2015 likapitisha sheria ya kuunda chombo kiitwacho NARAB, ili wakala apitie mlango mmoja tu. Miaka mingi ikapita chombo kikiwa kwenye karatasi.

Kwa mwandishi wa barua nasema hivi: anza na Ohio, kisha Kentucky. Kabla ya kulipia jimbo lolote, hesabu wateja unaowajua huko kwa majina, uliza ni kampuni gani kati ya zako zinauza huko, na usome kifungu cha ada za uteuzi. Texas isubiri mpaka daftari likuruhusu. Na mtu wa Texas akikupigia kabla ya hapo, mwelekeze kwa mwenye leseni ya Texas. Kamisheni utaikosa, lakini jina lako litabaki safi Ohio.

Hadi juma lijalo, kwaherini.