Kikonyo

Chuma jani moja la kiazi kitamu, yaani tembele, ulichunguze. Utaona sehemu nyembamba inayounganisha jani na shina. Sehemu hiyo huitwa kikonyo. Kikonyo huliinua jani ili lipate mwanga wa jua. Ndani yake mna mirija myembamba sana. Mirija hiyo hupeleka maji kwenye jani na kutoa humo chakula kilichotengenezwa na jani. Maua na matunda mengi pia yana vikonyo.

Usichanganye kikonyo na bua. Bua ni shina la mimea kama vile mahindi na mtama.

Tazama neno lenyewe: ki-konyo. Sehemu "konyo" imo pia katika kitenzi "konyoa". Mkulima hukonyoa mahindi, yaani huyavunja kutoka kwenye mabua yake. Huko Unguja na Pemba, vikonyo vya karafuu huitwa makonyo. Watu huyatenga na karafuu, huyakausha, na hutolewa mafuta.

Mabibo ni jina la mtaa mmoja wa Dar es Salaam. Zamani mtaa huo ulikuwa katika Wilaya ya Kinondoni. Sasa umo katika Wilaya ya Ubungo. Bibo la mkorosho ni jekundu au la manjano, nalo lina maji mengi. Watu wengi hudhani kwamba bibo ni tunda. Sivyo. Tunda halisi la mkorosho ni korosho yenyewe, yenye ganda gumu, inayoning'inia chini ya bibo. Korosho hutangulia kukua. Baadaye kikonyo chake huvimba na kujaa maji. Kikonyo hicho kilichovimba ndicho bibo.

Kwa hiyo, kikonyo hakitambuliwi kwa umbo lake, bali kwa mahali kilipo na kazi kinayofanya.

Tahadhari: Usiing'ate korosho mbichi yenye ganda. Ganda lake lina mafuta makali yanayounguza midomo na ngozi.

Maswali
1. Taja kazi mbili za kikonyo cha jani.
2. Kuna tofauti gani kati ya bua na kikonyo?
3. Eleza kwa nini bibo si tunda halisi.
4. Kusanya majani ya mimea mitano. Pima urefu wa kikonyo cha kila jani. Kipi ni kirefu zaidi?