Jiwe la Rabai halivuki mpaka bila kibali

MOMBASA, Kenya

Mvua za masika zinapokatika, vijito vinavyoteremka kutoka vilima vya Rabai kuelekea hori ya Tudor hupungua maji na kuacha kingo zilizomegwa upya. Huo ndio wakati mzuri wa marafiki kuingia bondeni kutafuta amonaiti, jiwe lililojiviringa mfano wa pembe la kondoo dume.

Amonaiti alikuwa mnyama wa baharini, wa ukoo wa ngisi na pweza, aliyeishi ndani ya gamba lenye vyumba. Kizazi chake kilitoweka miaka milioni 66 hivi iliyopita. Anaonekana vilimani leo kwa sababu sehemu hizo zilikuwa chini ya bahari. Gamba lilifukiwa na tope, na tope likageuka mwamba.

Wataalamu wanawajua amonaiti wa Mombasa tangu karne ya 19, na wamewaona wakifanana na wale wa Madagaska na wa Kachchh, magharibi mwa India. Pwani hizo zilishiriki bahari moja kabla jahazi lolote halijasafiri kwa upepo wa kaskazi.

Kuwatafuta hakuhitaji kuchimba. Mmoja hupita kando ya maji, mwingine hukagua kokoto kwenye kona ya kijito, wa tatu huangalia mawe yaliyoanguka kutoka ukingoni. Kinachotafutwa ni mistari iliyopangika kama mbavu, nayo huonekana vizuri jiwe likilowa. Si vyema kusimama chini ya ukingo mrefu, na wingu likitanda juu ya vilima ni heri kutoka mapema.

Shida huanza jiwe linapotiwa mfukoni. Amonaiti wa Madagaska, waliokatwa na kung'arishwa, huuzwa katika nchi nyingi, na mfanyabiashara aweza kudhani wa Rabai nao ni bidhaa ya kupitisha Lunga Lunga hadi Horohoro. Sivyo. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya Kenya, ya mwaka 2006, inamtaka aliyegundua kisukuku kuwaarifu Makumbusho ya Taifa mahali alipokiona katika muda wa siku saba. Kukitoa nje ya nchi bila kibali ni kosa.

Sababu ni rahisi. Tabaka la mwamba ndilo linalosaidia kueleza umri wa kisukuku na hali ya bahari ya wakati ule. Kikiondolewa bila mahali pake kuandikwa, huwa kama mzigo usio na ankara: upo, lakini hakuna awezaye kusema ulikotoka.

Kwa hiyo marafiki wakibahatika, wapige picha, waweke alama ya mahali, kisha watoe taarifa. Mjini Mombasa, Makumbusho ya Taifa ndiyo inayosimamia Fort Jesus. Na mchuuzi akiuziwa jiwe la namna hiyo njiani, aulize kwanza karatasi zake. Asipoonyeshwa, amwachie mwenyewe.