Je, Wajua? Dodoma Walivyonyimwa Mkwaju

Abiria wa Dodoma anayepandia basi Stendi ya Magufuli, hapa Mbezi Luis, anaelekea mkoa ambao wanafunzi wa mawasiliano ya umma wanausoma mpaka Marekani? Kisa ni mchezo wa redio. Julai 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha Twende na Wakati, na wasikilizaji wakaanza kumfuatilia Mkwaju, dereva wa lori asiyetulia na wanawake, pamoja na mkewe Tunu. Mtambo wa Dodoma haukuurusha. Wakati wa mchezo ukifika, watu wa huko waliwekewa vipindi vingine, hivyo hivyo hadi 1995. Hapakuwa na hitilafu yoyote: watafiti, akiwamo Everett Rogers, walitaka kulinganisha waliosikia na wasiosikia. Kulikosikika, uzazi wa mpango ulipanda zaidi, na watu wakaanza kulizungumza jambo hilo na wenzi wao na marafiki. Dodoma nao walipofunguliwa mchezo, mabadiliko yakafuata. Utafiti mzuri, sikatai. Lakini Mkwaju alikuwa pia somo la UKIMWI, na miaka ile watu walikuwa wanazikana kila wiki. Miaka miwili ya kusubiri si mchezo.

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio? Walisikiliza, wakajadili, wakatoka kwenda kuchimba vyoo.

Mtafiti Paul Lazarsfeld aliwafuatilia wapigakura wa Ohio, Marekani, mwaka 1940, akakuta wengi wanawasikiliza zaidi watu wa karibu yao kuliko gazeti au redio yenyewe? Wale wanaosikia kwanza na kuwapa wenzao aliwaita viongozi wa maoni. Daladala za Mbezi zinao tele: konda anakutangazia Yanga wamemsajili nani hata nauli hujatoa.

Watafiti McCombs na Shaw waliwahoji wapigakura 100 tu mjini Chapel Hill mwaka 1968? Waligundua kwamba yale yaliyopewa uzito na vyombo vya habari ndiyo hayo hayo wapigakura waliyoyaona mazito. Simama kwenye meza ya magazeti asubuhi. Wanaonunua wachache, wanaosoma vichwa vya habari bure na kuondoka wanabishana ni wengi.

Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, Bara ikasubiri hadi 1994? Mwalimu Nyerere aliiona anasa. Hata ilipokuja, vituo binafsi ndivyo vilivyotangulia. TVT ya serikali ilifuata 2000.

Chuo cha uandishi wa habari kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1975 kiliingizwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2003?

Na usiku wa 31 Desemba 2012 televisheni ya analojia ilizimwa Dar es Salaam kabla ya mikoa mingine? Asiye na king'amuzi alihamia sebuleni kwa jirani, na taarifa ya habari akaisikia pamoja na maoni ya mwenye nyumba.