Barabara Kuu Imefika Mpakani, Bado Njia ya Ghalani



Katika mikutano mikuu ya vyama vya msingi mara nyingi huulizwa swali hili: Serikali imejenga barabara, madaraja na bandari katika mikoa yetu ya kusini, mbona makato ya usafirishaji bado ni mazito katika malipo ya mkulima? Swali hili ni la haki na lastahili jibu lililo wazi. Makala hii yakusudia kueleza kazi zilizofanyika katika ukanda huu wa mpaka wa Ruvuma, namna kazi hizo zinavyogusa bei ya korosho, na wajibu uliobaki mikononi mwa vyama vyenyewe.

Kwa nini kusini ilichelewa

Kwa miaka mingi Mtwara, Lindi na Ruvuma zilikuwa kama kisiwa. Upande wa kaskazini Mto Rufiji haukuwa na daraja la kuunganisha barabara ya pwani, na wasafiri walitegemea kivuko. Upande wa kusini kulikuwa na vita vya ukombozi vya Msumbiji tangu mwaka 1964 hadi 1974, na vijiji vya mpakani viliishi katika hatari. Mahali penye vita hapajengwi barabara za biashara.

Hata hivyo si kweli kwamba kusini haikupata kujengewa kitu. Mwaka 1947 serikali ya kikoloni ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga, na Nachingwea ikawa mojawapo ya vituo vyake. Kwa ajili ya mpango huo ilijengwa reli ya kuteremka pwani, na pia bandari ya Mtwara yenye kina kirefu. Mpango wa karanga ulivunjika mwaka 1951, kwani ardhi, mvua na mitambo havikulingana na makisio ya wakubwa waliokuwa London. Reli ikakosa mzigo wa kutosha, ikafungwa mwaka 1962, na vyuma vyake vikang'olewa. Bandari ilibaki, kwa sababu korosho na mazao mengine yaliendelea kuihitaji.

Hapa pana fundisho ambalo kila chama kinapaswa kulishika. Njia yoyote hudumu ikiwa ina mzigo wa kudumu. Njia iliyojengwa kwa ajili ya mpango wa wageni iliondoka pamoja na mpango huo, lakini njia inayobeba zao la wenyeji huwa na mtetezi kila mwaka.

Kazi zilizofanyika

Mwaka 2003 lilifunguliwa Daraja la Mkapa katika Mto Rufiji, lenye urefu wa meta 970. Mwaka 2010 Marais Jakaya Kikwete wa Tanzania na Armando Guebuza wa Msumbiji walifungua Daraja la Umoja katika Mto Ruvuma, lenye urefu wa meta 720, kati ya Mtambaswala upande wetu na Negomano upande wa pili. Wazo la daraja hilo lilianza mara Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975, kwa hiyo utekelezaji wake ulingojea kwa zaidi ya miaka thelathini.

Lakini daraja lilitangulia barabara. Kwa miaka kadhaa baada ya kufunguliwa, mwenye gari aliyetoka Mangaka kwenda Mtambaswala alikuwa bado akipita katika vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Lami ya kipande hicho cha kilomita 65.5, pamoja na ile ya kutoka Mangaka hadi Tunduru, ilikuja baadaye, na kazi hizo zilizinduliwa rasmi mwaka 2019. Hivi leo lori laweza kutoka Songea, likapita Namtumbo, Tunduru na Masasi, likafika bandarini Mtwara bila kuacha lami. Bandarini nako gati jipya limeongezwa.

Pamoja na mafanikio hayo, yafaa tukumbuke kuwa njia moja haitoshi. Mwezi Mei mwaka 2024, mvua kubwa na kimbunga Hidaya vilikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi katika eneo la Somanga, na magari yakakwama kwa siku kadhaa. Vilevile, tangu mwaka 2017 machafuko katika jimbo la Cabo Delgado yamepunguza faida ambayo mpaka ungeweza kuileta. Daraja halifanyi biashara peke yake. Huhitaji amani pande zote mbili za mto.

Jinsi barabara inavyoingia katika bei

Katika utaratibu wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika kwa korosho mkoani Mtwara katika msimu wa 2007/2008, mkulima hupeleka korosho katika ghala la chama cha msingi, chama huzisafirisha hadi ghala kuu, na huko huuzwa kwa mnada. Mnunuzi anapotaja bei, amekwisha kupiga hesabu ya kuutoa mzigo ghala kuu hadi bandarini. Barabara kuu ikiwa nzuri, hesabu hiyo hupungua, naye aweza kupandisha bei yake. Hii ndiyo faida ya kwanza ya lami, nayo huonekana mnadani.

Baada ya mnada huja makato, na miongoni mwake ni gharama ya kutoa mzigo katika chama hadi ghala kuu. Hapo ndipo jibu la swali letu lilipo. Sehemu kubwa ya safari hiyo haipiti katika barabara kuu, bali katika barabara za vijijini. Lami ya Mangaka haimfai mwanachama ambaye lori haliwezi kufika katika ghala lake.

Tuchukue mfano wa chama kinachokusanya tani 400 kwa msimu. Njia ikipitika kwa lori la tani 10, mzigo huo ni safari 40. Kalvati likivunjika na kulazimu gari la tani 5, safari zinakuwa 80. Nauli ikiongezeka kwa shilingi 10 tu kwa kilo, wanachama watapoteza shilingi 4,000,000 katika msimu mmoja. Kwa vyama vingi fedha hizo zingetosha kufanya kazi ya maana.

Kuna hasara nyingine isiyoandikwa katika stakabadhi. Mavuno huanza mwezi Oktoba, na mvua huanza kabla korosho zote hazijatoka vijijini. Mzigo uliokwama katika ghala dogo hupata unyevu na kushuka daraja. Tena mkulima anayeona ghala liko mbali na njia ni mbaya hushawishika kuuza kwa kangomba kwa bei ya kutupa. Hivyo barabara mbovu humnyang'anya chama wanachama wake, na hudhoofisha ushirika wenyewe.

Ni nani wa kuombwa

Vyama vingi hupeleka malalamiko mahali pasipohusika, kisha hukata tamaa. Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS. Barabara za wilaya na vijijini ziko chini ya TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Umeme wa vijijini husimamiwa na Wakala wa Nishati Vijijini pamoja na TANESCO. Halmashauri ya wilaya nayo hupokea ushuru wa mazao, ambao kwa mazao ya biashara ni asilimia 3, kwa hiyo ina sababu ya kutaka mzigo ufike salama.

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, na makisio huandaliwa miezi mingi kabla ya hapo. Ombi linalopelekwa mwezi Juni limekwisha kuchelewa. Ombi huanzia katika mkutano wa kijiji, hupita Kamati ya Maendeleo ya Kata, na hutetewa na diwani katika Baraza.

Wajibu wa Katibu

Ofisi yenye fedha chache na maombi mengi itaangalia kwanza ombi lenye hesabu. Kwa hiyo tunashauri kila Katibu aweke daftari la usafirishaji, akiandika mambo haya kwa kila safari: tarehe, uzito wa mzigo, ukubwa wa gari, nauli iliyolipwa, siku ambazo mzigo ulikwama, na mahali hasa palipoharibika. Mwisho wa msimu ajumlishe, asome mbele ya mkutano mkuu, na nakala ipelekwe kwa diwani, kwa TARURA na kwa Chama Kikuu.

Kauli ya kwamba "barabara yetu ni mbaya" husikika kila wilaya. Lakini kauli ya kwamba "kalvati hili moja limekwamisha tani 60 kwa siku tisa na kuwagharimu wanachama kiasi hiki" ni vigumu kuipuuza. Pale ambapo kazi ni ndogo, kama kufyeka kando ya njia na kuzibua mitaro kabla ya mvua, wanachama wasingojee bajeti. Kalvati linaloziba hubomoka, na kulijenga upya ni ghali kuliko kulizibua.

Ndugu Wanachama, lami imefika mpakani baada ya kungojewa kwa muda mrefu. Kilichobaki ni kilomita chache kati ya ghala la chama na barabara kuu, na hizo ndizo zinazoamua ni kiasi gani kitakachomfikia mkulima. Reli ya karanga iling'olewa kwa kukosa mzigo. Mzigo sisi tunao. Sharti uandikwe, uonyeshwe, na udaiwe njia yake kabla ya msimu ujao.